Gari la paka halisafishwi kwa udi

Wasomaji wetu wametuzoea katika mambo ya siasa, na bila ya shaka wako watakaosema kuwa leo tumeishiwa. Waseme. Jambo tunalotaka kulizungumza limeshavunja usuhuba wa nyumba mbili tunazozijua hapa Muscat, limewatia watu khasara ya mamia ya riali, na mpaka hii leo watu wetu wanaona haya hata kulitaja. Nalo ni harufu ya wanyama ndani ya magari, khasa mkojo wa paka, na hii tabia yetu ya kulifukiza gari udi kisha tukajidai kuwa limekuwa safi.

Tutoe msimamo wetu mapema. Udi hauoshi kitu. Udi unaleta harufu yake nzuri na kuiweka juu ya ile mbaya, na ile mbaya inabaki pale pale ilipo, chini ya zulia, inasubiri udi uishe. Na mtu anayelifukiza gari lake leo ili kesho amuuzie Mswahili mwenzake bila ya kumwambia kilichomo, huyo hakuuza gari tu, ameuza na aibu iliyofunikwa. Linalotuudhi zaidi ni kwamba harufu yenyewe inaondoka. Dawa zake zipo, nyingi zimo jikoni na kwenye duka la dawa, na kinachotakiwa ni kujua unapambana na kitu gani na kuwa na subira ya siku tatu nne.

Asiyeishi huku huenda akauliza, paka na gari wapi na wapi? Muscat ni mji wa paka kama Mji Mkongwe wa Unguja ulivyo mji wa paka. Pita Mutrah asubuhi karibu na soko la samaki, utawaona wamejipanga kama watu wanaosubiri mshahara. Watu wetu wana huruma nao, na wengi wameshamchukua mmoja au wawili majumbani. Sasa mji huu haukujengwa kwa mtu wa miguu. Mtu anakaa Seeb, daktari wa wanyama yuko upande wa pili wa mji, katikati kuna barabara kuu na jua ambalo hata mtu mzima halimsitahi. Paka anatiwa ndani ya boksi la kadi, anaingiwa na hofu, anakojoa, kadi inalowa, na kiti kimekwenda. Wengine hawana paka lakini wamewahi kumpakia mbuzi wa Idi nyuma kwa sababu pikapu ya rafiki haikupatikana. Wengine kazi yao ni udereva wa nyumba za Wazungu, na mbwa wa tajiri ndiye abiria wao wa kila asubuhi.

Na gari huku si chombo cha kwendea kazini tu. Kwa mgeni gari ni chumba cha pili. Ndani yake tunakula, tunasikiliza redio ya nyumbani kwa simu, tunapiga zile simu ambazo hatutaki watoto wazisikie. Na sisi tulioondoka kwetu kwa sababu ya kalamu tunazo simu za namna hiyo nyingi. Kwa Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba wanaoendesha teksi, kazi ambayo sheria imewawekea wananchi peke yao, gari ndiyo shamba na ndiyo jahazi. Abiria akifungua mlango akakunja pua, mkate umeondoka.

Halafu inakuja siku ya mkataba kwisha. Ruhusa ya ukaazi ikifungwa, mtu ana wiki chache za kuuza kila kitu, na gari ndilo lenye pesa. Mwenye duka la magari atampa bei ya kumdhalilisha, kwa hivyo anatafuta ndugu. Wa kumuuzia anapatikana kwenye harusi, au kwenye baraza baada ya sala ya Ijumaa. Hapo ndipo chetezo kinapowashwa.

Kisa tunachokijua ni hiki, na majina tunayahifadhi. Bwana mmoja aliuza gari lake mwezi wa Mei kwa jamaa yake wa mtaa mmoja kule nyumbani. Gari lilikuwa zuri, injini haina maneno, na ndani linanukia udi wa arusi. Walilitazama usiku, madirisha wazi. Mnunuzi akatoa riali zake za mkusanyo. Wiki ya kwanza ya Juni alikuwa analiegesha juani nje ya kazi yake kutwa nzima, na siku ya nne akafungua mlango akarudi nyuma. Mkewe ana pumu. Hakuweza kupanda gari lile hata kufika dukani. Alipomrudia muuzaji, jibu lilikuwa: mbona mimi sisikii kitu? Pesa zilikuwa zimeshatumwa nyumbani, zimeshakuwa matofali. Nyumba hizo mbili hazialikani tena, na watoto wao waliokuwa wakisoma Kurani pamoja wametenganishwa vyuo.

Watu walimwita yule muuzaji mwongo. Alikosa, na tutasema wapi alikosa, lakini katika neno lile la “sisikii kitu” huenda alikuwa anasema kweli. Pua ya mwanadamu inachoka. Ukikaa na harufu moja dakika chache ubongo unaacha kuitangaza, na ukikaa nayo miaka miwili unaweza kula biriani ndani yake. Nyani haoni kundule, na mwenye paka hasikii gari lake. Ndiyo maana kipimo cha kwanza tunachokishauri ni mtoto wa jirani. Mwambie aingie, mfungie mlango kwa sekunde tano, mtazame uso. Mtoto hajui adabu ya kudanganya.

Sasa tuingie kwenye kiini chenyewe. Kwa nini mkojo wa paka una ukaidi kuliko wa mnyama mwingine? Mkojo wowote una urea, na vijidudu vinaigeuza urea kuwa amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Lakini paka ana kitu chake cha ziada kinachoitwa felinini. Kinapotoka hakinuki sana. Baadaye ndipo kinapovunjika kidogo kidogo na kutoa viini vyenye salfa, jamaa moja na vile vinavyomfanya kicheche aogopwe porini. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2006 jinsi protini moja katika figo za paka inavyosimamia utengenezaji wa felinini hiyo. Dume ambaye hakuhasiwa anayo nyingi kuliko jike na kuliko dume aliyehasiwa. Kwa maneno mengine, kumhasi paka dume ni nusu ya kusafisha gari, na daktari yeyote wa wanyama atakuambia kuwa kuna faida nyingine pia.

Kwa hivyo mtu anayepangusa kiti siku ile ile, akanusa, akaridhika, amejidanganya. Harufu yenyewe bado haijazaliwa. Itazaliwa ndani ya sponji ya kiti, na joto ndilo mkunga wake. Na joto la huku wasomaji wetu wa nyumbani wasilifananishe na la Darajani. Tarehe 26 Juni 2018 kule Qurayyat, mwendo wa saa moja kutoka Muscat, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, na hiyo iliingia katika rikodi za dunia. Hilo ni joto la nje. Utafiti wa Arizona State na chuo cha San Diego, Marekani, uliotoka mwaka huo huo 2018, ulipima magari yaliyoegeshwa juani: baada ya saa moja ndani ya gari kulikuwa na wastani wa nyuzi 47, na juu ya dashibodi nyuzi 69. Chombo chenye joto hilo si gari, ni tanuri. Kila tone lililofichika linapanda kuwa mvuke, madirisha yamefungwa, na ukiwasha AC unauzungusha mvuke ule ule kwa sababu sote huku tunaendesha AC ya kuzungusha hewa ya ndani.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye udi. Hatuna ugomvi na udi, wala na ubani wa Dhofar ambao dunia nzima ilikuwa ikiufuata kwa majahazi na ngamia. Nyumba ya Mswahili bila ya chetezo ni nyumba yenye msiba. Lakini kila kitu na mahali pake. Udi ni wa nguo iliyokwisha kufuliwa. Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa jambo hili kabla hatujajua kuandika vizuri: paka mwenyewe si najisi, anapita majumbani mwetu na maji aliyoyanywa hayaharibiki, lakini mkojo wake ni najisi, na najisi haiondoki mpaka iondoke yenyewe pamoja na rangi yake, harufu yake na ladha yake. Ikiwa umeosha kwa bidii na harufu ikakushinda kwa ukaidi wake, hapo kuna msamaha. Hatujasikia mwalimu hata mmoja aliyesema kuwa unaweza kuipaka manukato ukaiita tohara. Na mwenye kusali safarini juu ya zulia la gari au kuuweka msala wake buti ana sababu nyingine ya kulifikiria hili.

Tuseme basi la kufanya.

La mwanzo ni kupatafuta mahali penyewe. Watu wengi wanaosha gari zima kijuujuu na kupaacha pale pale penye ubaya. Nunua kurunzi ya mwanga wa urujuani, ile wanayokagulia noti madukani. Usiku, gari likiwa gizani, imulike viti, mazulia, ubavu wa milango na mikanda. Mkojo uliokauka unang'aa rangi ya manjano au kijani. Usisahau mikanda, mnyama akifungwa nyuma anaulalia mkanda, na mkanda hauoshwi na mtu.

Kisha ondoa manyoya. Manyoya yenyewe hayana harufu kubwa, lakini yamebeba mate yaliyokauka na magamba ya ngozi, na hayo ndiyo yanayomkaba mwenye pumu. Kiini kinachowasumbua watu wenye mzio wa paka kinatoka kwenye mate na ngozi yake, kinanata kwenye kitambaa, na kinaweza kubaki kwa miezi baada ya paka kuondoka. Mashine ya kufyonza vumbi peke yake haitoshi. Vaa glavu ya mpira, ilowanishe kidogo, vuta upande mmoja; manyoya yanajikusanya kama pamba ya msufi.

Baada ya hapo kiti kitoke. Hapa ndipo watu wanapokataa, na hapa ndipo mafanikio yalipo. Mkojo unashuka. Unapita kitambaa, unapita sponji, unafika kwenye zulia, na chini ya zulia kuna pedi nene ya kuzuia kelele inayofyonza maji kama mkate. Huko ndiko uliko. Kiti kinashikwa na nati nne tu, lakini tahadhari: magari ya siku hizi yana nyaya za mfuko wa hewa chini ya kiti, na fundi anapaswa kuchomoa betri na kusubiri kabla hajazigusa. Gereji za Wadi Kabir au Ghala hazitashindwa na kazi hiyo. Mlipe fundi wa viti, usimlipe muoshaji.

Osha kwa maji baridi, si ya moto. Maji ya moto yanaipika protini ya mkojo ikashikana na kitambaa. Bonyeza kwa taulo, usisugue, na urudie mpaka taulo litoke safi. Ukisikia bado amonia inachoma, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nyunyiza, acha, kausha. Siki inaituliza amonia. Tumeona watu wanamwaga siki na soda ya kuokea kwa pamoja, linatoka povu kubwa, wanafurahi. Povu hilo ni vitu viwili vinavyouana. Mwisho wa yote umebaki na maji ya chumvi. Kila kimoja kina wakati wake. Na wa nyumbani wasichanganye soda ya kuokea na magadi ya mawe yanayopikiwa maharage: ni ndugu, lakini magadi ni makali zaidi na yatakula rangi ya zulia.

Ile felinini na salfa yake haisikii siki. Inataka mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni dawa za vimeng'enya, zinazouzwa katika maduka ya vyakula vya paka na mbwa. Vimeng'enya vinautafuna uchafu wenyewe badala ya kuufunika. Lakini wengi wanazinunua, wanapuliza mara mbili kama manukato, wanasema hazifai. Dawa ile lazima ifike kila mahali mkojo ulipofika, na ikae majimaji kwa saa nyingi. Imwagie ya kutosha, funika kwa plastiki, iache usiku kucha. Tumesema usiku kwa sababu vimeng'enya ni protini, na ukilifungia gari juani mchana wa Muscat umevipika kama yai. Wala usivitumie mahali ulipokwisha kutia dawa kali za kuulia vijidudu, zitaviua navyo.

La pili lina hadithi nzuri. Marekani kuna mnyama aitwaye skunk, ndugu wa kicheche wetu kwa tabia kama si kwa ukoo. Mwaka 1993 mkemia mmoja, Paul Krebaum, alitoa katika jarida la wakemia la Marekani mchanganyiko wa kumuoshea mbwa aliyerushiwa uvundo wake: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda inayouzwa kwenye duka la dawa, takriban lita moja, soda ya kuokea robo kikombe, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja cha chai. Mchanganyiko huu unazigeuza salfa zenyewe zikawa kitu kisichonuka. Kwa kuwa uvundo wa paka nao una salfa, unafaa. Lakini una masharti. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana unaweza kupausha kitambaa. Usiuweke kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka. Usiutie siku moja na vimeng'enya. Na usiutie kwenye ngozi ya viti vya fakhari kisha ukatutafuta sisi.

Kwenye Jiki na jamaa zake tunaomba msomaji asimame kidogo. Dawa ya klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi ya sumu inayounguza mapafu. Mtu akiwa ndani ya gari, milango imefungwa, amepiga magoti chini ya dashibodi anasugua, anaweza kutolewa amezimia. Usiitumie. Usiichanganye na siki pia, hiyo nayo inatoa klorini yenyewe. Gari halina thamani hiyo.

Baada ya kuosha, kausha. Huku tuna neema moja ambayo wenzetu wa London na Copenhagen hawanayo, jua la bure. Viti vikae nje, milango wazi, zulia limetundikwa, mpaka pedi ya chini ikauke kabisa. Ukirudisha zulia likiwa na unyevu umebadilisha mkojo kwa ukungu, na ukungu una harufu yake. Kisha fungua kijaluba cha dashibodi upande wa abiria. Katika magari mengi nyuma yake kuna chujio la hewa. Litoe, tia jipya. Vumbi na manyoya ya miaka mitatu yamo humo, na hakuna usafi wa viti utakaokusaidia ikiwa AC inapumua kupitia hapo. Na jizoeshe kuizima AC dakika chache kabla ya kufika, uache feni peke yake, ili mabomba yake ya baridi yakauke.

Makaa na soda ya kuokea ndani ya bakuli chini ya kiti yanafaa mwishoni, kwa mabaki. Ukianza nayo umeanzia mwisho.

Na zile mashine za ozoni wanazotangaza? Zina kazi yake, kwa sababu ozoni inavunja viini vya harufu vilivyomo hewani na juu ya vitambaa. Haifiki ndani ya pedi iliyolowa. Mtu atalipa, atafurahi wiki, atarudi. Ozoni yenyewe ni mbaya kwa mapafu, kwa hivyo gari liwe tupu wakati wa kazi na lipigwe upepo vya kutosha kabla mtoto hajapandishwa. Tungependa kuona mwenye duka anayemwambia mteja haya kabla ya kupokea riali zake.

Wasomaji wa nyumbani wasidhani wamesalimika. Magari mengi ya Unguja na Dar es Salaam yanatoka Japani, yamenunuliwa kwa picha, na picha haina harufu. Wajapani wanapenda sana mbwa na paka. Lakini katika minada yao kila gari lina karatasi ya ukaguzi: namba ya hali ya gari kwa jumla, herufi ya hali ya ndani, na maelezo ya mkaguzi kwa Kijapani. Harufu ya mnyama au ya sigara inaweza kuandikwa humo. Usikubali wakala akutumie namba peke yake. Mwambie akufasirie na yale maelezo, neno kwa neno, na umuulize kwa maandishi kama gari lilikuwa na mnyama. Baadaye litakaa ndani ya meli limefungwa siku nyingi, na likishuka Malindi wakati wa masika utakutana na mshangao wako bandarini.

Lipo na la paka mwenyewe. Wako watu wetu ambao baada ya gari kunuka wamemchukua paka usiku, wakamteremsha ufukweni au nyuma ya soko, wakarudi wamefunga madirisha. Tunasema bila ya kuficha kwamba hili ni jambo baya. Mnyama aliyelelewa ndani hajui kutafuta, na mwezi wa Juni hamalizi wiki. Sisi tuliowahi kuteremshwa mahali tusipopajua, bila ya kuulizwa, tungetegemewa kuwa na huruma zaidi. Tundu la plastiki lenye taulo chini na shuka isiyopitisha maji juu ya kiti ni bei ndogo kuliko kiti kimoja cha gari. Mzoeshe paka kulala ndani ya tundu hilo nyumbani wiki mbili kabla ya safari, hatakojoa kwa hofu. Wala usimwache garini hata dakika kumi wakati unaingia benki. Zile nyuzi 47 tulizozitaja ni mauti.

Sasa turudi kwa yule muuzaji. Sharia yetu ina kitu kinaitwa khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo na akafichwa, ana haki ya kurudisha. Na sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta umaji chini, na muuzaji akasema ni mvua. Aliulizwa kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Paka kukojoa ni mvua. Chetezo kilichowashwa usiku wa kuonesha gari ndilo rundo kavu lililowekwa juu. Huyu bwana hata kama pua yake ilikwisha kuzoea, alijua kuwa amekaa na paka wawili miaka minne na alijua kwa nini aliagiza udi. Angesema, “gari langu lilikuwa na paka, nimeosha hapa na hapa, punguza riali hamsini,” mwenziwe angelichukua na pengine angemletea haluwa. Tunaambiwa wazee wa pande mbili wanataka kukaa. Ushauri wetu kwao ni gharama ya fundi wa viti igawanywe, muuzaji atoe theluthi mbili.

Na wewe unayekwenda kutazama gari wiki hii, mwambie mwenyewe mapema asilifukize siku mbili. Nenda saa saba mchana, si usiku. Gari liwe limefungwa juani saa nzima, AC imezimwa. Fungua mlango wa nyuma kwanza, ingiza kichwa kabla ya kuvuta pumzi ya nje, kisha bonyeza kiganja kwenye zulia chini ya kiti cha abiria na ukinuse. Vuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho wake, unuse na huo. Washa AC ya kuzungusha hewa ya ndani, kaa dakika tano. Muuzaji akikuambia kuwa saa saba kuna jua kali na afadhali mwonane baada ya Isha, mwambie hapana, utakuja kesho saa saba.